Ng'ambo ya Mto Kagera: Mwongozo wa Kuhamia Nje ya Nchi kwa Fedha Kidogo

Ukiwa na fedha kidogo na unataka kuhamia nchi nyingine, ulizia kwanza gharama ya kurudi, ndipo uulizie ya kwenda. Tajiri akikosea nchi hukata tiketi nyingine. Mnyonge akikosea nchi hukwama, na kukwama ugenini hula fedha kuliko safari yenyewe.

Ndoto za mbali zina masharti yake. Mwaka 2020 Barbados, kisiwa cha Bahari ya Karibi, ilianzisha kibali cha miezi kumi na miwili kwa wageni wanaofanya kazi zao kwa intaneti. Mwombaji alitakiwa kuonyesha kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka na kulipa ada ya dola 2,000. Hapo bado hujagusa tiketi ya ndege, wala viza za nchi utakazopitia. Watu wa Karibi wenyewe, wakitaka kubadilisha maisha kwa mfuko mwembamba, wanaangalia kwa jirani: tangu tarehe 1 Oktoba 2025 raia wa Barbados, Belize, Dominica na Saint Vincent na Grenadini wanaweza kuishi na kufanya kazi katika nchi hizo nne bila kibali cha kazi.

Wewe wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, unaye jirani pia. Uganda iko ng'ambo ya Mto Kagera, ndugu zako wapo huko, na lugha ya sokoni unaielewa. Ukaribu huo ni mtaji ambao mtu wa Mtwara au Lindi hana. Lakini ndio pia unaowaponza wengi, kwa sababu mtu anayevuka mto kwenda kwa shangazi haoni kama amehama nchi. Mwongozo huu unataka utumie faida ya ujirani bila kuangukia mtego wake.

Chagua mji kabla ya kuchagua kazi

Kwa mtu wa Kyerwa njia iliyo wazi ni Murongo. Unavuka daraja, unaingia Kikagati katika wilaya ya Isingiro, na kutoka hapo kuna lami ya zaidi ya kilomita 70 hadi Mbarara. Kwa mtu wa Karagwe anayelenga Masaka au Kampala, njia rahisi ni kutoka Kayanga kupitia Bugene na Kyaka hadi Mutukula, wilayani Missenyi. Hapo pana kituo cha pamoja ambako maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi mahali pamoja. Anayekwenda Rwanda huzunguka hadi Rusumo, wilayani Ngara. Akumbuke kwamba Rwanda magari hupita upande wa kulia, jambo la maana sana kwa dereva wa boda boda.

Kila mji una hesabu yake. Vijijini Isingiro kuna mashamba makubwa ya ndizi, na kazi ya kibarua inafanana na ile unayoijua: kupalilia, kukata majani, kubeba mikungu. Chumba ni rahisi, ila fedha taslimu ni chache. Mbarara ni mji wa maziwa, maduka, hospitali ya rufaa na vyuo, na mtu mwenye ufundi mkononi anaweza kuuonyesha. Kampala ina kila kitu, pamoja na kodi kubwa ya nyumba na watu wengi wanaotafuta kazi ileile unayoitafuta wewe.

Lugha nayo ihesabu kama fedha. Kinyambo na Runyankore ni ndugu wa karibu, ukisalimiwa "Agandi?" sokoni Mbarara hutahitaji mkalimani. Kampala lugha inayotawala ni Luganda. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini usitegemee kupanga chumba au kupunguziwa bei kwa Kiswahili peke yake. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanzie Isingiro au Mbarara, ambako hahitaji miezi ya kujifunza kuzungumza kabla ya kuanza kula. Kampala inaweza kungoja.

Karatasi kwanza, begi baadaye

Mtanzania hawezi kuiga wanachofanya wengine mpakani. Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kadi yako ya NIDA ni ya kukutambulisha nyumbani. Kwa kuhama unahitaji pasipoti.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Januari 2018, ni shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Maombi hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji. Utahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Huku kwetu mpakani maswali ya uraia ni mengi kuliko ya mtu wa Dodoma, kwa hiyo anza mapema. Kama cheti cha kuzaliwa huna, anzia RITA kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti cha shule na kadi ya NIDA, yarekebishe sasa, kwa sababu herufi moja inayopishana hapa nyumbani itakuwa kesi ukiwa ugenini.

Ipo pia hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu kuliko pasipoti. Inafaa kwa safari ya kwenda kuangalia mazingira. Kwa kuhamia haitoshi, maana kusajili laini ya simu, kuomba kibali cha kazi na mambo mengi ya mgeni hudai pasipoti.

Ongeza karatasi tatu ambazo watu husahau. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Uganda inakidai kwa wanaoingia. Ya pili ni barua ya mtendaji wa kijiji chako, yenye mhuri, inayosema wewe ni nani na unatoka wapi. Ya tatu ni nakala za vyeti vyote. Nakala ziache kwa mtu unayemwamini nyumbani, na nyingine zipige picha uzitunze kwenye simu.

Jambo moja usilifanye hata ukishauriwa na ndugu wa damu: usijiandikishe kupata Ndaga Muntu, kitambulisho cha taifa cha Uganda, kwa kudai umezaliwa kule. Kwa Uganda hilo ni kosa la jinai. Kwa Tanzania, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na kadi hiyo inaweza kuwa ushahidi dhidi yako siku utakaporudi. Vilevile usijipange foleni ya wakimbizi Nakivale, kambi iliyopo Isingiro tangu mwaka 1958, kwa kuwa umesikia kuna mgao. Ukimbizi una mchakato na sababu zake, na uongo wake hugundulika.

Watu wa Kagera hatuna haja ya kuhadithiwa umuhimu wa karatasi. Mwaka 2013, baada ya tamko la serikali mwezi Julai na Operesheni Kimbunga iliyofuata, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi mkoani mwetu bila vibali waliondoka. Wengi walikuwa wamekaa miaka mingi, wana ng'ombe, wana migomba, wameoana na wenyeji. Walizungumza kama majirani zao. Siku walipoulizwa vibali, ujirani haukuwatetea. Ukivuka Murongo, wewe ndiye utakayekuwa katika nafasi waliyokuwa nayo wao.

Gawa fedha kabla haijaanza kujigawa

Tuseme una shilingi milioni moja. Mgao ufuatao ni kipimo cha uwiano. Bei halisi utaziuliza mwenyewe.

Shilingi 150,000 ni pasipoti. Shilingi 100,000 ni nauli ya kurudi na chakula cha njiani. Hii haiguswi, iache kwenye simu ya mtu wa nyumbani mwenye roho ngumu, asiyelainika kwa simu ya usiku. Shilingi 250,000 ni chumba, maana wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja. Shilingi 300,000 ni chakula, nauli na sabuni kwa wiki sita, kwa kuwa mshahara wa kwanza hauji siku ya kwanza. Shilingi 200,000 zinazobaki ni za kuanzia kazi: vifaa vya kinyozi, cherehani ya kukodi, au jembe na buti. Ukiona mafungu ya chakula na ya nauli ya kurudi hayatimii, hujawa tayari. Subiri msimu mwingine.

Fungu la kurudi si woga. Mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Wafanyabiashara waliotegemea kuvuka kila wiki walijikuta wanahesabu miaka. Magonjwa nayo hubadilisha mambo ghafla: Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini Machi 2023 na Biharamulo Januari 2025, na ukaguzi wa afya unaweza kuongezeka mpakani wakati kama huo.

Fedha ya kuhamia itoke wapi? Isitoke kwenye butura. Ukiuza kahawa ingali ua ili upate nauli, umemwachia mwingine mavuno, nawe umeondoka na fedha ya haraka isiyotosha. Afadhali ungoje uvune, uuze kupitia AMCOS, chama cha ushirika, ulipwe, ndipo uondoke ukiwa hudaiwi. VICOBA pia ni chanzo kizuri kama utachukua gawio lako. Ukichukua mkopo, wadhamini wako watahangaika na deni huku wewe ukiwa huna simu inayopatikana.

Ukifika mpakani, ijue bei ya kubadilisha fedha ya siku hiyo kabla ya kusogelewa na wenye mabunda mkononi. Shilingi ya Tanzania kwa kawaida hupata zaidi ya shilingi moja ya Uganda, kwa hiyo utapokea noti nyingi na kujiona tajiri. Huo ni utajiri wa karatasi. Hesabu taratibu, mahali penye mwanga, na badilisha ya siku chache tu. Fedha ya simu inafanya kazi vizuri Uganda, MTN na Airtel zikiwa ndizo kubwa, lakini kila unapotoa fedha taslimu kuna ushuru wa serikali wa asilimia 0.5 mbali na makato ya kampuni. Toa mara chache, kwa kiasi unachokihitaji.

Siku ya kuvuka

Pita kwenye kituo halali. Njia za panya ziko kila mahali kandokando ya mto, na vijana watakuambia ni dakika tano tu. Ukipita huko hutagongewa mhuri wa kutoka wala wa kuingia, na kisheria hujawahi kufika unakoishi. Siku ukiibiwa, ukigongwa na pikipiki au ukidhulumiwa mshahara, utaogopa kwenda polisi, na anayekudhulumu analijua hilo.

Kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita bila viza. Soma mhuri ukiwa bado dirishani. Kama ofisa ameandika muda mfupi, uliza kwa adabu hapohapo. Andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona kila siku.

Mizigo iwe michache: nguo, blanketi, sufuria, vifaa vya kazi. Kama unabeba bidhaa za kuuza zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na thamani yake haizidi dola 2,000, ulizia cheti rahisi cha uasili kwa maofisa wa forodha, kwani kinakuondolea ushuru wa forodha. Kahawa usiiguse. Magendo ya kahawa yamewafilisi watu wa Nkwenda na Kaisho wenye uzoefu kuliko wewe, na gunia moja linatosha kuvuruga safari nzima.

Wiki za kwanza

Ukipata pa kulala, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye nafasi yake ni kama ya mwenyekiti wako wa kitongoji. Mpe barua ya mtendaji wako, muonyeshe pasipoti, mwambie unakaa kwa nani na unafanya nini. Mgeni anayejitambulisha mwenyewe huwa na mtu wa kumsemea. Anayegunduliwa huwa na maswali ya kujibu. Usiache jambo hili kwa sababu unakaa kwa shangazi. Shangazi anakufahamu, kijiji hakikufahamu.

Kukaa kwa ndugu ni nafuu, lakini kuwe na kikomo. Sema mapema: nitakaa mwezi mmoja. Changia chakula tangu wiki ya kwanza hata kama ni sukari na sabuni. Undugu mwingi umevunjika kwa sababu mgeni hakutaja siku ya kuondoka na mwenyeji akaona aibu kuuliza.

Ukipanga chumba, kikague kwa macho kabla ya kukilipia: choo ni cha watu wangapi, maji yanatoka wapi, umeme una mita yako au mnachangia. Umeme wa kulipia kabla huitwa Yaka, na uununue kwa namba ya mita unayoiona mwenyewe. Dai risiti ya kodi yenye jina lako na tarehe.

Ardhi isikushawishi mapema. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 humruhusu asiye raia kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, si kumiliki moja kwa moja. Tena Buganda mtu anaweza kukuuzia kibanja huku ardhi iliyo chini yake ikiwa na mwenye hati mwingine chini ya mfumo wa mailo. Lima kwa kukodisha msimu kwa msimu, kwa maandishi na mbele ya LC1, mpaka utakapopata wakili.

Kazi na kibali

Pasi ya kutembelea haikuruhusu kuajiriwa. Kanuni za Soko la Pamoja zinasema mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kusaini, na mamlaka itoe jibu ndani ya siku 30. Kwa mkataba mfupi zaidi kuna pasi maalumu. Kwa hiyo mkataba wa maandishi ndio ufunguo wako. Mwajiri anayesema "tutaandikiana baadaye" anakuomba ubebe hatari yake. Ukijiajiri, utahitaji kibali kinachoendana na hilo pamoja na leseni ya biashara ya halmashauri ya mji.

Jihadhari na anayekwambia Kampala ni kituo tu, kwamba ataendelea kukupeleka Uarabuni kupitia Entebbe. Ajira ya Ghuba kwa Mtanzania ipitie wakala mwenye leseni ya Tanzania na mkataba unaojulikana kwa mamlaka za hapa. TaESA inaweza kukueleza wakala yupi amesajiliwa. Mtu akishika pasipoti yako "akutunzie", akikukataza kupiga simu nyumbani, au akikuambia nauli utailipa kwa kufanya kazi, hiyo ni biashara ya watu. Tanzania iliitungia sheria mwaka 2008. Ondoka ungali na miguu yako.

Weka kwenye simu mawasiliano ya Ubalozi wa Tanzania Kampala, ulioko Barabara ya Kagera, Nakasero. Ndiko utakakopata msaada ukipoteza pasipoti au ukikamatwa.

Afya na watoto

Kadi ya CHF iliyoboreshwa haivuki mpaka. Kama unatumia ARV, dawa za presha au za kisukari, nenda kliniki kabla ya kuondoka, uombe barua ya uhamisho na dawa za kukutosha hadi ujisajili upya. Wengi huona haya kuomba barua CTC kwa sababu hawataki ijulikane wanahama, kisha hukatisha dawa wakiwa Mbarara. Barua hiyo itangulie hata cheti cha shule.

Watoto wasiende katika safari ya kwanza. Mwaka wa shule wa Uganda huanza karibu na Februari, wetu Januari, kwa hiyo mtoto anayehamishwa katikati hupoteza muhula, na pengine mwaka. Kama unampeleka kusoma sekondari kule, fahamu kwamba cheti cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kitahitaji kulinganishwa na NECTA akitaka kuendelea na masomo hapa, na shahada ya kule hupitia TCU ili itambuliwe. Mtoto atakayezaliwa Uganda aandikishwe kizazi chake, kisha ubalozi ujulishwe, ili asije akakua akiwa na maswali yaleyale ya uraia uliyoulizwa wewe.

Usichouza nyumbani

Uza mbuzi, uza baiskeli, uza redio. Kibanja usiuze. Ukoo unaweza kukusimamia migomba kwa makubaliano ya maandishi: nani anavuna, nani anapalilia, nani analipa michango ya kijiji. Shamba lililoachwa kwa maneno matupu hugeuka ugomvi wa urithi wewe ungali hai. Deni lako la AMCOS au la duka la pembejeo limalize, na kuaga kwako kueleweke: mwenyekiti wa kitongoji ajue umehama kwa muda, hukutoroka.

Ukifikisha mwezi wa tano ugenini, kaa chini na daftari. Andika ulichotuma nyumbani, ulichoweka akiba na unachodaiwa. Kama una mkataba au biashara inayokulisha, hakikisha kibali ulichoomba kiko mkononi kabla pasi haijaisha. Kama huna, na akiba imebaki ile ya nauli peke yake, rudi kabla tarehe ya mhuri haijapita, utoke kwa mlango uleule wa halali ulioingilia. Aliyetoka kwa mhuri anaweza kuingia tena mwaka unaofuata akiwa na fedha zaidi na jina safi. Aliyezidisha muda huwa amejifungia mwenyewe nchi iliyo karibu naye kuliko Dodoma.